Nianze na OVA zipi? Jibu kwa msomaji wa Morogoro

Swali: "Kaka shikamoo. Niko Morogoro, nimeshamaliza Naruto yote, Attack on Titan, Demon Slayer na Cowboy Bebop. Kila nikisoma maoni ya watu wanasema OVA za zamani ndo kiboko, ila nikitafuta nakutana na majina kibao, sijui ipi inaeleweka bila kuangalia series yake kwanza na ipi ni ya kupoteza muda. Bando langu ni la kuungaunga. Alafu nina mdogo wangu wa miaka 11, nikiangalia kitu lazima aje akae pembeni. Nianze na zipi?"

Marahaba mdogo wangu. Hili swali nalipenda sana kwa hiyo nitaandika kirefu, vumilia. Ila kama bando liko ukingoni chukua jibu la haraka: anza na Gundam 0080: War in the Pocket, ya 1989, episodi sita tu zinaisha, na huhitaji kujua chochote kuhusu Gundam, ile familia ya anime za roboti za kivita. Ukishaiona hiyo rudi usome yaliyobaki.

OVA ni anime iliyotengenezwa ili iuzwe moja kwa moja kwa mtazamaji, kwenye kanda za video zamani, baadaye DVD, bila kupita kwanza kwenye TV wala kwenye jumba la sinema. Ya kwanza kabisa ni Dallos, Desemba 1983, stori ya watu wa koloni la mwezini wanaochimba madini kwa ajili ya dunia mpaka wanafika mahali wanasema basi imetosha, na mmoja wa madairekta wake ni Mamoru Oshii, huyuhuyu aliyekuja kutengeneza Ghost in the Shell mwaka 1995. Dallos usianze nayo, heshima yake ni kwamba ilifungua njia.

Sasa kwanini watu wanazisifia hivyo. Anime ya TV enzi zile ilikuwa inabebwa na wadhamini, na wadhamini wenyewe mara nyingi ni watengenezaji wa midoli, kwa hiyo roboti isipouzika madukani na stori inakatwa hata kama ni nzuri vipi, na kila wiki lazima episodi itoke iwe imeiva au haijaiva. OVA ikaja na hesabu tofauti kabisa. Japani ya miaka ya 1980 pesa ilikuwepo, deki zimeshaingia majumbani, maduka ya kukodisha kanda yapo kila mtaa, na mashabiki waliokua na hizi katuni sasa ni watu wazima wenye mshahara, wako tayari kulipa bei ambayo mara nyingi ilivuka yeni 10,000 kwa kanda moja. Prodyuza hahitaji tena mamilioni ya watoto, anahitaji maelfu kadhaa ya watu wanaolipa vizuri. Ndo maana studio ziliweza kukaa miezi zikichora nusu saa moja tu, na ndo maana ukiangalia roboti ya OVA ya 1989 unaona hadi bolti na moshi na kivuli kinavyotembea kwenye chuma, vyote vimechorwa kwa mkono. Na madairekta wadogo wakapewa nafasi, watu ambao TV isingewakabidhi hata episodi moja.

Ila upande wa pili upo na lazima niuseme, kanda zisipouzika stori inaishia njiani na hakuna wa kumlalamikia. Bubblegum Crisis ilipangwa episodi 13, ikaishia ya 8 mwaka 1991 kwa sababu makampuni yaliyoitengeneza yaligombana, na ile anime ina muziki mtamu na mji mzuri wa usiku lakini ukifika mwisho unabaki umening'inia. Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza nikimshauri mtu mpya huwa ni kimoja tu, je hii stori inaisha? Uzuri wa michoro unakuja baadaye.

Kingine kinachowachanganya watu ni kwamba siku hizi neno OVA linabandikwa kwenye kitu kingine. Baada ya Evangelion, anime ya TV, kutikisa mwaka 1995, TV za Japani zikaanza kujaza usiku wa manane anime za watu wazima, wale watengenezaji waliokuwa wanakimbilia kanda wakahamia huko, na OVA ikabaki kuwa zaidi episodi ya nyongeza inayouzwa pamoja na kitabu cha manga. Kwa mfano kwenye Attack on Titan kuna No Regrets, episodi mbili kuhusu maisha ya Levi kabla hajawa mwanajeshi, nzuri tu, na wewe kwa kuwa series umeimaliza itazame siku yoyote, utamwelewa Levi vizuri zaidi. Ila wale waliokwambia OVA za zamani ni kiboko walikuwa hawaongelei hizo, walikuwa wanaongelea kazi zinazojitegemea zenyewe.

Haya turudi kwenye War in the Pocket maana nataka uelewe kwanini naing'ang'ania. Hii ndo OVA ya kwanza ya Gundam na ndo Gundam ya kwanza kuongozwa na mtu mwingine asiye Yoshiyuki Tomino aliyeianzisha, dairekta hapa ni Fumihiko Takayama. Stelingi ni dogo anaitwa Al, anaishi kwenye koloni la anga ambalo halijaingia vitani, shuleni yeye na wenzake wanaongelea roboti za kivita vile watoto wanavyoongelea mpira, vita kwao ni mchezo. Siku moja roboti ya Zeon, upande mmoja wa hiyo vita, inaanguka karibu, Al anakimbilia kuiona, anakutana na rubani wake Bernie, kijana mdogo tu ambaye hata vita vyenyewe bado hajavizoea. Wanakuwa marafiki. Jirani yake Al ni dada mmoja mkarimu anaitwa Chris, na Chris ana siri kuhusu kazi anayofanya jeshini ambayo wewe mtazamaji unaijua na hao wawili hawaijui. Basi, siongezi neno. Ukishawajua hao watu watatu utaanza kuona kinachokuja na utatamani kuingia ndani ya kioo ukawaambie.

Ukitegemea mapigano kila dakika humu hutayapata, roboti zinapigana mara chache sana na kila zikipigana kuna mtu wa kawaida anaumia, nyumba zinabomoka, na kamera inakaa pale kwenye kifusi haikimbii. Mi kwenye anime zote za vita nilizoona, na nimeona nyingi kwa sababu ndo kazi yangu, sijaona inayomtoa mtoto kwenye kuishabikia vita mpaka kuielewa kwa muda mfupi hivi bila kumhubiria. Na wewe umeangalia Bebop, kwa hiyo sikiliza sauti kwa makini: Bernie ni Kōji Tsujitani, na Chris ni Megumi Hayashibara, yuleyule wa Faye, miaka karibu kumi kabla ya Bebop. Sauti ya Al yenyewe ni ya mtoto kweli, Daisuke Namikawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Hisoka kwenye Hunter x Hunter ya 2011. Ndo maana nakushauri uangalie kwa Kijapani na maandishi chini, ule uchanga wa sauti yake ni nusu ya uchungu wote.

Ya pili ni Rurouni Kenshin: Trust and Betrayal, 1999, episodi nne, dairekta Kazuhiro Furuhashi. Kuna series ya TV ndefu ya Kenshin, ina vichekesho vingi, hiyo huihitaji, kwa sababu hii inasimulia yaliyotokea kabla yake. Tuko Kyoto miaka ya 1860, utawala wa shogun unakaribia kuanguka, na Kenshin ni kijana anayetumwa kuua usiku kwa niaba ya watu wanaotaka nchi mpya, anaamini kabisa anawasaidia wanyonge. Usiku mmoja anamuua mtu mbele ya mwanamke anaitwa Tomoe. Wanaanza kuishi pamoja, mwanzo kwa kujificha tu, alafu taratibu inakuwa nyumba kweli, wanalima, wanauza dawa, na wewe unajua kwamba amani ile ina mwisho. Ina damu nyingi, upanga unakata na inaonekana, sikufichi. Ila angalia jinsi inavyotumia ukimya, mvua, theluji, mtu anakunywa sake na anasema haina ladha nzuri tena na unaelewa hali yake yote kwa sentensi hiyo moja. Kama ulilia kwenye Demon Slayer, hapa jiandae. Na ukimaliza utaona kuna nyingine ya 2001 inaitwa Reflection inayojifanya mwendelezo, mi naona inaharibu ladha, iache.

Tatu, Gunbuster, 1988 mpaka 1989, episodi sita, studio Gainax, na ndo kazi ya kwanza ya Hideaki Anno kama dairekta, miaka saba kabla ya Evangelion. Hapa naomba uvumilivu wako kwa episodi mbili za mwanzo maana utaniona nimekudanganya, ni wasichana wako shule ya marubani wa roboti, wanapiga push-up na roboti zao, kuna kocha mkali, nguo za mazoezi zimewabana kupita kiasi na kamera inazifuata bila sababu ya maana. Usizime. Kinachokuja ni hesabu ya fizikia ya kweli, mtu akisafiri kwa mwendo unaokaribia ule wa mwanga, muda wake unakwenda taratibu kuliko wa walioachwa duniani, kwa hiyo Noriko, stelingi wetu, anatoka kupigana kwa muda mfupi tu, anarudi anakuta rafiki yake aliyesoma naye ni mama mwenye mtoto, yeye bado ni binti yuleyule. Kila anapopanda kwenda kuiokoa dunia anajua anawapoteza watu wa dunia hiyo. Episodi ya mwisho karibu yote ni nyeusi na nyeupe, na dakika zile za mwisho kabisa ni moja ya miisho bora niliyowahi kuiona popote, kwenye anime, kwenye muvi, popote pale.

Ukiipenda hiyo basi kuna ndogo yake ya dakika 25 tu, Voices of a Distant Star, 2002, aliyoitengeneza Makoto Shinkai karibu yote peke yake kwenye kompyuta yake, kabla dunia haijamjua kwa Your Name. Binti yuko anga za mbali anamtumia mpenzi wake meseji kwa simu, na kadri anavyozidi kwenda mbali meseji zinachelewa zaidi, miezi, mwaka, mpaka inafika moja inayochukua zaidi ya miaka 8. Michoro ya watu ni dhaifu, nakubali, na roboti za kompyuta zimepitwa na wakati. Ila dakika 25, hata bando la kuungaunga linaimudu.

Nne, na hii ni kwa ajili ya wewe mtu wa Bebop, Macross Plus ya 1994 na 1995, episodi nne. Shōji Kawamori akishirikiana na Shinichirō Watanabe, mwandishi Keiko Nobumoto, muziki Yoko Kanno, yaani watu walewale waliokuja kuifanya Bebop unawakuta hapa wanajuana. Marubani wawili waliokuwa marafiki utotoni wanashindana kujaribu ndege mpya, kati yao kuna mwanamke na kuna kitu kilitokea zamani ambacho hakuna anayetaka kukitaja, alafu kuna Sharon Apple, mwanamuziki ambaye si mtu, ni kompyuta, anajaza viwanja na kuwashika akili mashabiki. Iliandikwa 1994 hiyo. Siku hizi na hizi nyimbo za AI zinazosambaa ukiiangalia unakaa kimya. Na yale mapigano ya ndege angani, makombora yanavyozunguka kila moja na njia yake, hayajapata mpinzani mpaka leo kwa maoni yangu. Kuhusu stori ya mapenzi sina sifa kubwa, Isamu, mmoja wa wale marubani, anakera, lakini inaisha na inaisha vizuri.

Ukipiga hesabu, hizo tano zote zinakaa kwenye saa 11 hivi, sawa na msimu mmoja wa episodi 26. Na usihangaike na ubora wa juu sana kwenye simu, ukiacha ile ya Shinkai, picha zilichorwa kwa rangi kwenye plastiki na kupigwa kwa filamu, ule ukungu kidogo ni wa kwake wa asili. Kitu cha kuepuka ni zile zilizovutwa zijaze skrini yote, umbo la picha za enzi zile ni karibu na mraba, zikivutwa watu wanakuwa wafupi na wanene na zikikatwa unapoteza vichwa. Mistari myeusi pembeni iache ibaki.

Zipo za kusubiri kwanza. Angel's Egg ya Oshii, 1985, binti anatembea kwenye mji uliokufa amebeba yai, maneno machache mno kwa dakika 71, michoro imetokana na kazi ya mchoraji Yoshitaka Amano, nzuri ajabu lakini ukianza nayo utaniambia OVA zinaboa. FLCL, 2000, episodi sita, gitaa na vespa na makelele, wengine wanaipenda toka dakika ya kwanza, wengine hawaielewi kabisa, ijaribu ukiwa na akili iliyopumzika. Giant Robo ya Yasuhiro Imagawa, episodi saba zilizotoka kidogokidogo toka 1992 mpaka 1998, muziki wake ulipigwa na okestra ya Warsaw na unasikika hivyo, mkubwa, wa kusimamisha nywele.

Alafu kuna mlima wenyewe, Legend of the Galactic Heroes. Najua ulisema muda na bando, na hii ina episodi 110, ilitoka 1988 mpaka 1997, nyingi zikauzwa kwa kujiandikisha na kutumiwa kanda nyumbani kwa posta. Fikiria watu wanalipia stori moja karibu miaka kumi. Imetoka kwenye riwaya kumi za Yoshiki Tanaka, dairekta mkuu Noboru Ishiguro, muziki karibu wote ni wa okestra za kizamani za Ulaya, Mahler, Bruckner, Beethoven. Upande mmoja kuna dola ya kifalme ambako kijana Reinhard anapanda vyeo ili aiangushe familia ya mfalme aliyemchukua dada yake, na ana uwezo kweli na anatenda haki kuliko waliomtangulia. Upande wa pili kuna jamhuri yenye uchaguzi na bunge na hotuba tamu za uzalendo, imeoza, wanasiasa wanapeleka watoto wa wenzao vitani ili washinde kura, na anayeilinda ni Yang Wen-li, ambaye alitaka tu kusoma historia, akaingia chuo cha jeshi kwa sababu kilikuwa hakilipishi ada, na ndoto yake kubwa ni kustaafu apate pensheni. Swali la anime hii ni hili, kati ya mtawala mmoja mwema na demokrasia iliyooza utalinda ipi, na kwanini? Yang ana jibu lake, anabishana nalo mwenyewe mara nyingi, na anime haikurahisishii. Mi nadhani vijana wa kwetu wangeipenda kuliko wengi, sisi mabishano haya tunayo kila siku kwenye vijiwe vya kahawa, na humu yanabishaniwa na watu wanaojua kubishana.

Ukiwa tayari kwa hiyo anza na muvi yake ya 1988, My Conquest is the Sea of Stars, alafu Overture to a New War ya 1993 ambayo inasimulia upya kwa uzuri zaidi vita vya episodi mbili za mwanzo, alafu ingia episodi ya 3 uendelee. Episodi mbili tatu kwa wiki zinatosha kabisa, haitaki haraka. Majina ni mengi na ya Kijerumani, usijitese kuyakariri, wa muhimu utawazoea. Kuna toleo jipya lililoanza 2018, linang'aa zaidi, ila la zamani lina ule utulivu wa mazungumzo na ndo nakushauri.

Sasa kuhusu mdogo wako, hapa niwe mkali kidogo. OVA hazikupita kwenye mikono ya kituo cha TV, kwa hiyo ule ule uhuru uliozaa kazi hizi nzuri ulizaa pia uchafu mwingi, kuna ponografia na kuna za kutisha zenye ubakaji ndani yake zinazosifiwa eti ni klasiki, na picha ya jalada haikwambii kitu, unaona mashetani na panga tu unadhani ni kama Demon Slayer. Usiache aguse orodha ya OVA za zamani peke yake, na wewe mwenyewe usifungue yoyote akiwa pembeni kabla hujasoma inahusu nini. Kenshin hapana kwa umri huo. Gunbuster nayo isubiri, kwa ajili ya zile nguo.

Kinachomfaa ni Patlabor ya 1988, episodi saba, ya polisi wa Tokyo wanaoendesha roboti, kikosi kimetupwa kwenye kiwanja cha mbali hata kuletewa chakula ni shida, wanakaa wanalima nyanya wakisubiri kazi, na Noa anaipenda roboti yake mpaka ameipa jina, Alphonse. Inachekesha kwa adabu, na episodi za 5 na 6 zinageuka kuwa jaribio la mapinduzi ya kijeshi ambalo hata wewe litakukamata. Na War in the Pocket, mi naona akae tu aangalie na wewe, Al ni wa rika lake. Usiwe unajibu meseji wakati ule, na episodi ya sita iwekeni mchana, siyo usiku akitoka hapo anaenda kulala peke yake, kwa sababu atakuwa na maswali na wewe ndo utakuwa mkubwa wa kuyajibu.